Jina ya nani ku sanduku? Watengenezaji wa betri na telefone wanachagua, na bei ya kobalti yetu inafuata

Tangu tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2025, kobalti ya Kongo haitoke tena inchini kama zamani. Inatoka kwa kipimo: tani 18.125 kwa miezi ya mwisho ya 2025, kisha tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Mbele ya hapo serikali ilikuwa imefunga mulango kabisa, kuanzia tarehe 22 mwezi wa 2. Matokeo tuliyaona: bei ya tani, yenye ilikuwa imeanguka mupaka dola 21.000 hivi, ilipanda zaidi ya mara mbili mbele ya mwaka kuisha.

Ku Kolwezi, ku Fungurume, ku Likasi, watu wanauliza: hiyo bei itasimama? Wengi wanaangalia Kinshasa na ARECOMS, ile ofisi ya serikali yenye kugawanya vipimo. Ni kweli kuangalia kule, lakini ile ni nusu ya jibu. Nusu ingine iko mu viwanda vya Asia, pale wenye kutengeneza betri na telefone wanajiuliza swali moja kila siku: nitengeneze vitu kwa jina ya wengine, ao nivitoe kwa jina yangu mwenyewe?

Ukisikia vile unaweza kusema: hiyo ni mambo ya wafanya biashara, inamuhusu nini mutu wa kushuka mu shimo? Inamuhusu sana. Mwenye jina ku sanduku njo mwenye kuchagua kitu gani kinaingia ndani ya sanduku. Na siku mwenye jina moja kubwa alichagua betri yenye haina kobalti, mufuko wa heterojeniti ulisikia baridi ku depo ya Musompo.

Kutengenezea jina ya mwengine, maana yake nini

Tuseme mama mumoja ku Likasi ana mashini ya kusaga mahindi. Siku moja mwenye duka kubwa wa Lubumbashi anakuja: «Mama, nisagie mifuko 500 kila mwezi, nakulipa bila kuchelewa. Lakini ku mufuko utaandika jina ya duka yangu.» Mama anafanya hesabu. Soko iko, feza inaingia, hana kazi ya kufanya matangazo ao ya kukimbiza wateja. Mashini haitalala. Watoto watalipiwa minervali. Anakubali.

Miaka mitatu inapita. Bukari ya ule bunga inapendwa mu cité nzima, lakini hakuna mwenye kujua kama ni kazi ya mama wa Likasi. Watu wanajua paka jina ya duka. Kisha mwenye duka anapata musagaji mwengine mwenye kushusha bei kidogo. Anamwambia mama: punguza, ao tuachane. Mama anaangalia mashini yake, anaangalia deni ya courant, anapunguza. Hakuibiwa. Mukataba uliheshimiwa. Ni vile tu: kazi ilikuwa yake, jina ilikuwa ya mwengine, na wateja wanafuata jina.

Angekataa tangu mwanzo na kuandika jina yake mwenyewe, ingekuwaje? Angepaswa kutafuta wauzaji, kukopesha bunga ku maduka, kungoja feza, kulipa matangazo, na kuvumilia ule mwaka wa kwanza pale hakuna mutu anamujua. Wengi wanafungia mu ule mwaka. Jina yako mwenyewe ni mali, lakini ni mali yenye kula feza mbele ya kuleta feza.

Banamama wanajua nguvu ya jina kuliko profesa yeyote. Mbele ya kulipa kitenge wanasoma kwanza maandishi ya ukingo wa kitambaa, waone kama ni wax ya kweli ya Vlisco ya Uholanzi ao ni ingine ya kufanana. Rangi inaweza kuwa karibu moja. Bei haiko moja. Tofauti kubwa ya bei iko mu ile mustari ya maandishi.

Njo chaguo ya kila mutengenezaji. Tuangalie watatu wenye walichagua, na namna iliwaendea.

Wa kwanza: wale wa Tecno na itel

Ukiwa mu carrière, angalia telefone za wenzako. Nyingi zimeandikwa Tecno, itel ao Infinix. Marke zote tatu ni za nyumba moja, Transsion, ya Shenzhen mu China. Ilianzishwa mwaka 2006 na bwana Zhu Zhaojiang. Siku za mwanzo ilikuwa inatengenezea kampuni zingine za India na za Asia ya Kusini-Mashariki: telefone ilitoka ku kiwanda kwa jina ya mwenye kuagiza. Ilikuwa kazi ya faida ndogo, na mwenye kuagiza alikuwa na viwanda mingi vya kuchagua.

Mwaka 2008 Transsion ilikata shauri: kuacha ile njia na kuja Afrika na majina yake yenyewe. Kwa nini Afrika? Sababu kule Ulaya na Marekani majina makubwa yalikuwa yamekalia soko yote, na kuyatoa kungekula feza yenye Transsion haikuwa nayo. Huku Nokia na Samsung walikuwa wanauza, lakini hawakutuangalia karibu. Transsion iliangalia. Iliona kama mutu mumoja ana kadi za SIM mbili ao zaidi juu ya kukimbia bei ya kupigia réseau ingine: ikatoa telefone za SIM mbili. Iliona kama courant inakatika: ikatia betri ya kudumu. Iliona kama picha za ngozi nyeusi zinatoka giza: ikarekebisha kamera. Mwaka 2009 ilianzisha Carlcare, nyumba za kutengenezea telefone zenye kuharibika. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda Ethiopia. Mwaka 2019 iliingia ku bourse ya Shanghai.

Fundisho iko wazi. Kutengenezea wengine kuliifundisha Transsion kazi. Lakini haikuingia na jina yake pahali pote mara moja. Ilichagua soko yenye wakubwa walikuwa wanazarau, na ikajua ile soko kuliko wao.

Wa pili: HTC, aliyepanda na kuanguka

HTC ni kampuni ya Taiwan, ilianza mwaka 1997. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua jina yake, lakini kazi yake ilikuwa mu mikono ya watu wengi: ilitengenezea Compaq ile mashini ndogo ya iPAQ, ilitengenezea kampuni za réseau za Ulaya. Orange, yenye tunaijua huku Kongo, iliuza Ulaya mwaka 2002 telefone ya SPV. Ku sanduku: Orange. Mwenye kuitengeneza: HTC.

Mwaka 2006 HTC ilisema: sasa inatosha, tunaandika jina yetu. Wateja wengine walikasirika, sababu mutu aliyekuwa anawatengenezea alikuwa anakuja kushindana nao. Hata hivyo HTC ilipanda haraka. Mwaka 2008 ilitoa telefone ya kwanza ya Android. Mu mwezi wa 4 mwaka 2011, bei ya kampuni yote ku bourse ilipita ile ya Nokia. Mutu aliyekuwa anafanya kazi nyuma ya pazia alikuwa amekuwa mukubwa kuliko mukubwa.

Kisha akaanguka, tena mbio. Apple na Samsung walikuwa na feza ya matangazo yenye HTC haikuweza kufikia. Na kulikuwa na jambo lingine, lenye kila mutu wa mugodi anapaswa kulishika. Mwaka 2010, HTC ilikuwa inanunua vioo vya telefone ku Samsung. Vioo vikapungua. Samsung ilikuwa pia na telefone zake za kuuza, na HTC ikabaki inangoja, mupaka ikalazimishwa kubadilisha kioo cha telefone yake ya Desire na kutia cha aina ingine. Jina ilikuwa yake, lakini kiungo kilikuwa cha mushindani. Mwanzo wa 2018, Google ilichukua mainjinia 2.000 hivi wa HTC kwa dola miliari 1 na milioni 100. Kazi ya mikono yao ilirudia tena kuwa chini ya jina ya mwengine.

Basi jina peke yake haiokoe mutu. Kama kiungo cha lazima kiko mu mukono wa mushindani wako, jina yako inasimama juu ya muguu mumoja.

Wa tatu: BYD, aliyeshika njia zote mbili

Huyu njo anatuhusu zaidi. BYD ilianza mwaka 1995 ku Shenzhen, na wafanyakazi 20 hivi. Mwenye kuianzisha, Wang Chuanfu, alisoma kemia ya metali. Wakati ule Wajapani, kama Sanyo na Sony, walikuwa wanatawala betri kwa mashini za bei kali. Wang hakuwa na feza ya zile mashini. Aligawanya kazi mu vipande vidogo vidogo, akaweka watu wengi na vyombo vya kawaida, na bei yake ikashuka chini ya ile ya Wajapani. Mwaka 2000 Motorola ilianza kununua betri zake, mwaka 2002 Nokia. Watu wa hapa wenye walikuwa na Nokia za siku zile, labda walibeba betri ya BYD bila kujua. Ku telefone ilikuwa imeandikwa Nokia.

BYD ingeweza kubaki pale na kula vizuri. Lakini mwaka 2003 Wang alinunua kampuni ndogo ya kutengeneza motokari. Wenye hisa walikasirika, bei ya hisa ikaanguka: mutu wa betri anaenda kufanya nini mu motokari? Mwaka 2005 motokari F3 ilitoka, na jina BYD mbele yake. Mwaka 2008 kampuni ya tajiri Warren Buffett wa Marekani ilinunua sehemu ya BYD, karibu 10 kwa mia, kwa dola milioni 230. Mwaka 2024 BYD iliuza motokari zaidi ya milioni 4. Mwaka 2025 ilipita Tesla mu zile za courant peke yake.

Sasa sikiliza vizuri. BYD haikuacha kutengenezea wengine. Mupaka leo inaunganisha telefone na vyombo vya marke zingine, na inauzia wengine betri: motokari bZ3 ya Toyota, yenye ilionyeshwa mwaka 2022 kwa soko ya China, inatembea na betri ya BYD. Kazi ya jina ya wengine inaleta feza ya kila mwezi na kushugulisha viwanda. Kazi ya jina yake yenyewe inaleta nguvu ya kuamua. Mwezi mubaya wa hii unasaidiwa na mwezi muzuri wa ile.

Na ile nguvu ya kuamua, BYD iliitumia kufanya nini? Mwaka 2020 ilitoa betri yenye inaitwa Blade. Ndani yake muko lityumu, chuma na fosfati. Hamuna nikeli. Hamuna kobalti.

Pale chaguo yao inakuta mufuko yetu

Wakati BYD ilikuwa inatengenezea Nokia, Nokia njo ilisema betri iwe namna gani. Betri za telefone za lityumu zilitaka kobalti, na zinaitaka mupaka leo. Mwenye kutengeneza alifuata mapishi ya mwenye jina. Siku BYD ilikuwa na motokari ya jina yake, haikuwa na mutu wa kuomba ruhusa. Ilihesabu: kobalti ni gali, bei yake inaruka ruka, sehemu yake kubwa inatoka mu inchi moja, na magazeti ya dunia yanaandika kila siku juu ya watoto mu mashimo. Ikasema: tunaitoa mu mapishi. Na wengine wakafuata. Mwaka 2024, karibu nusu ya betri zote za motokari za courant mu dunia zilikuwa za ile aina ya chuma na fosfati.

Tusidanganyane: haiko ile peke yake iliyoangusha bei. Kutoka dola 80.000 hivi kwa tani mu mwaka 2022 mupaka 21.000 mwanzo wa 2025, kulikuwa pia sababu ya hapa kwetu. Migodi mikubwa ilitoa mali mingi sana. CMOC, yenye Tenke Fungurume na Kisanfu, iliongeza mupaka ikapita Glencore. Mali ilikuwa mingi, na wenye kuitaka kwa motokari hawakuongezeka sawasawa na mali. Vitu viwili viligongana, na bei ikakaa chini yao.

Nani aliumia? Kampuni kubwa inatoa kobalti pamoja na shaba. Kobalti ikianguka, shaba inalipa courant na mishahara, na kobalti inaweza kungoja mu stock. Muchimbaji wa mukono hana stock. Anauza leo juu ya kula leo. Wafanyakazi wa kampuni ndogo za mukataba, wale wa kubeba, wa kulinda, wa kupika, njo wa kwanza kuambiwa warudi nyumbani. Ile shauri ya Shenzhen ilifika mupaka ku meza ya jikoni ya Kasulo na ya Kapata.

Na sisi tuko upande gani?

Kongo inatoa zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti yote yenye kuchimbwa mu dunia. Inatokaje? Sehemu kubwa inatoka kama unga wa idroksidi mu mifuko mikubwa, inapita Kasumbalesa, inaenda bandarini, na kule China njo inasafishwa, inatiwa mu betri, inapata jina. Tunauza kwa bei yenye inahesabiwa kama kipande cha bei ya metali safi, na ukubwa wa kile kipande wanunuzi wanakijadili kila mara. Ni kama yule mama wa mashini, tena sisi hatujafika hata pa kusaga bunga. Tunauza mahindi.

Haiko mara ya kwanza Kongo kugusa hili swali. Wazee wa Gécamines wanajua: Union Minière ilipochukuliwa na inchi mwaka 1967, migodi ilikuwa yetu, lakini kusafisha sehemu na kuuzisha shaba kulibaki mu mikono ya nyumba ya Ubelgiji, Société Générale des Minerais. Mwaka 1974 inchi iliunda SOZACOM juu ya kuuzisha yenyewe. Miaka kumi nyuma, mu 1984, SOZACOM ilifungwa. Kuuzisha kwa jina yako kunataka hesabu safi, wateja wenye kukuamini, na feza ya kungoja. Feza ya mauzo ikiliwa njiani, jina inakufa mbele ya kukomaa.

Leo kuko majaribio mapya. EGC, mutoto wa Gécamines, ilipewa na serikali mu 2019 kazi ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mukono. Mu mwezi wa 11 mwaka 2025 ilionyesha ku Kolwezi tani 1.000 za kwanza zenye kujulikana zimetoka wapi na kwa mikono ya nani. Ile njo mwanzo wa jina. Mununuzi wa Ulaya mwenye kuogopa sifa mubaya anaweza kulipa vizuri mufuko wenye anwani kuliko mufuko usiyo na baba. Lakini tani 1.000 ni tone mu ndoo, na muchimbaji anauliza: ile bei ya juu ya jina safi, itanifikia mimi, ao itaishia ku ofisi?

Jaribio la pili ni la kiwanda. Mwaka 2021 watafiti wa BloombergNEF walihesabu kama kiwanda cha kutengeneza kitu cha mbele ya betri (ule unga wa nikeli, manganezi na kobalti wenye kuingia mu betri), cha tani 10.000 kwa mwaka, kingeomba huku Kongo dola milioni 39. Marekani kile kile kingeomba milioni 117. Mwaka 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi ya kufanya ile kazi pamoja, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipata kituo cha kusomesha mambo ya betri. Ni vizuri. Lakini tuseme wazi: kile kiwanda kikisimama, kitakuwa kiwanda cha kutengenezea jina ya wengine. Hakuna mutu ataenda ku soko kununua unga wa betri wa Lualaba. Mununuzi atakuwa CATL, ao BYD, ao Mukorea, na atakuja na mapishi yake mu mukono.

CATL yenyewe tunaijua: tangu 2021 ina karibu robo ya Kisanfu. Ni nyumba yenye ilizaliwa mwaka 2011 kutoka ATL, watengenezaji wa betri za vyombo vya wengine. Leo ni ya kwanza mu dunia kwa betri za motokari. Na iko inatafuta pia betri za sodyumu, zenye hazina kobalti wala lityumu. Ni kusema, hata mwenye kuwa na shimo yake huku anatayarisha njia ya kutoka.

Tufanye nini na hii hesabu

Kutengenezea jina ya mwengine hakuna haya. Transsion, HTC, BYD, CATL, wote walipita kule. Ni masomo, na tena ni masomo yenye kulipa. Kwa Kongo, kuruka kutoka mufuko wa idroksidi mupaka motokari yenye jina ya Kongo ni kuota muchana. Kutoka idroksidi mupaka sulfati, mupaka unga wa betri, hapo tunaweza, kama courant iko. Na courant njo lile shimo la kwanza la kuziba: migodi yenyewe inanunua courant Zambia na kuwasha ma-groupe.

Lakini wale waliofaulu walichunga vitu vine, na kila mukataba wenye utatiwa sahihi kwa jina yetu unapaswa kupimwa na hivyo.

Kwanza, wanunuzi wengi. BYD iliuzia Motorola na Nokia kwa wakati moja. Mwenye mununuzi mumoja ana mukubwa wa kazi, hana mununuzi. Mutegemea cha ndugu hufa masikini.

Pili, mafundi wetu ndani. Kama mainjinia wote ni wa mununuzi, siku anaondoka anaenda na akili ya kiwanda. Mukataba useme ni Wakongomani wangapi wanafundishwa, kazi gani, kwa miaka mingapi.

Tatu, feza ya pembeni. Bei ya leo imepanda kwa sababu tumefunga mulango nusu. Ile feza ya zaidi isiliwe yote. Tena bei ikipanda kupita kiasi, tunamupa mwenye betri za chuma sababu ya kucheka: kila dola ya juu ni tangazo la bure la betri isiyo na kobalti. Kipimo kizuri ni kile chenye kulisha muchimbaji bila kufukuza mununuzi.

Ine, jina ya pahali. Hata kama sanduku itaandikwa jina ya mwengine, karatasi za mufuko ziandike Lualaba ao Haut-Katanga, shimo gani, kooperative gani, na bei gani ililipwa ku mikono ya muchimbaji. Ile karatasi ikichungwa miaka kumi bila uongo, inakuwa mali. Ikiuzishwa ku corridor kwa dola mia mbili, ni karatasi ya kufungia karanga.

Kwa jamaa za wachimbaji, kazi ya kufanya haiko mbali. Wenye kooperative, ombeni mukutano, muulize: tunauzia nani, wako wangapi, bei ya juu ya EGC inafika kwetu kiasi gani? Wenye syndicat mu migodi mikubwa, ulizeni kampuni inatoa hesabu gani juu ya kobalti yenye kulala mu stock, na wafanyakazi wa mukataba wanachungwa namna gani bei ikianguka tena. Na wazazi wenye watoto ku mashule ya ufundi, kemia na umeme njo lugha ya hiyo soko. Wang Chuanfu alianza na kemia na watu 20.

Vipimo vya ARECOMS vimewekwa mupaka mwisho wa 2027. Ni muda mufupi. Kule Shenzhen na Ningde hawangoji: kila motokari mupya wanachora upya mapishi. Tukifika 2028 tungali tunauza unga mu mifuko isiyo na jina, kwa wanunuzi wale wale, basi tutakuwa tumeuza miaka miwili ya bei nzuri na hatukununua kitu nayo.